Kivuli kwa Cheo

Huku Kolwezi, katika Katanga ya Kongo, mtu anayetokea uani kwako na utepe wa kupimia hapewi kiti. Anaulizwa kwanza nani kamtuma. Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka wangu wa kwanza wa utafiti, nilikuwa nimeukumbatia mwembe katika kiwanja cha mama mmoja wa mtaa wa Manika, nikihangaika kuupitisha utepe nyuma ya shina. Nikasikia ufagio umenyamaza. "Mwana, unapima nini? Batatubomolea tena?" Nikamjibu kwamba napima mti, nyumba siigusi. Akautazama utepe, akautazama mti, akacheka kidogo. "Na muti nayo iko na bei?"

Swali lake lilikuwa halali. Mji huu umekaa juu ya shaba na kobalti kama chungu juu ya mafiga, na vingi vilivyowahi kupimwa hapa vilifuatwa na shimo. Mimi mwenyewe nimezaliwa Musonoi, mtoto wa dereva wa lori kubwa la mgodini, kwa hiyo najua utepe unavyotazamwa. Ninachosomea udaktari ni hiki: miti ya mji wa Kolwezi imehifadhi kaboni kiasi gani, na inawapunguzia watu joto kiasi gani. Watoto wa mtaa wameshanipa jina la munganga wa miti. Bibi mmoja aliniletea tawi la mparachichi lenye majani yaliyojikunja, akataka dawa. Sikuwa nayo.

Kazi yenyewe haina siri. Unauzungusha utepe kwenye shina, mita 1.30 kutoka ardhini, unakadiria urefu wa mti, unatafuta uzito wa mbao ya aina ile kwa kila ujazo, unaviingiza vyote katika hesabu na kupata uzito mkavu wa mti. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Zidisha kaboni hiyo kwa 3.67, unapata hewa ya ukaa ambayo mti umeivuta kutoka angani katika maisha yake. Tatizo ni kwamba hesabu hizi zilitengenezwa porini, kwa miti inayobanana. Mti wa mjini hupogolewa, huchomwa na takataka zilizolundikwa shinani, hupigiliwa misumari ya kamba za nguo. Ndiyo maana wapimaji wengi wa miti ya mijini hupunguza jibu kwa karibu moja ya tano. Na mwembe unaogawanyika chini ya kifua hupimwa kila shina peke yake. Hapo ndipo siku zangu huishia.

Sikwenda kutafuta historia. Nilikwenda kutafuta vipenyo. Lakini nilipoviweka vipimo vya msimu wa kwanza kwenye ramani, kila mti ukiwa duara la ukubwa wa kaboni yake, nilimwonyesha baba kwenye kompyuta. Sikumweleza lolote. Alivaa miwani, akaweka kidole penye maduara makubwa yaliyopangana kama shanga. "Huku ni ville, kwa Bazungu." Kidole kikashuka penye maduara ya wastani. "Huku kwa makadre," akimaanisha wafanyakazi wenye vyeo. Halafu penye vidoti vilivyotawanyika ovyo: "Na sisi njo huku." Alikuwa anaisoma ramani ya kampuni ya madini, iliyochorwa kabla yeye hajazaliwa, kwenye picha isiyo na jina hata moja la mtaa.

Kabla ya kampuni kulikuwa na miombo: mitondo, mibanga, milombwa, na misuku ambayo matunda yake yangali yanauzwa kwa vibakuli kando ya barabara. Jambo la kwanza ambalo miti ilifanya katika historia ya shaba ni kukosekana. Udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa mizizi ya miti, kwa hiyo vilima vya madini vilibaki na nyasi na maua madogo tu, kama upara katikati ya nywele. Moja ya mimea hiyo, ambayo wanasayansi wanaiita Haumaniastrum katangense, imepata jina la ua la shaba kwa sababu hustawi penye udongo unaoua mingine. Wafua shaba wa Kisanga, na baadaye Bayeke wa mfalme M'siri, walijua kuzisoma alama hizo. Mwanajiolojia wa Ubelgiji, Jules Cornet, alipopita Katanga mwaka 1892, miezi michache baada ya M'siri kuuawa kwa risasi karibu na Bunkeya mnamo Desemba 1891, alionyeshwa mashimo ambayo wenyeji walikuwa wamekwisha kuyachimba vizazi na vizazi.

Kufua shaba ilikuwa kazi ya kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Tanuri lilijengwa kwa mabonge ya udongo wa kichuguu, mivuo ikatengenezwa kwa ngozi, na katikati yakawekwa makala, kama tunavyouita mkaa huku, na juu yake mawe ya kijani ya malakiti. Shaba iliyoyeyuka ilimwagwa katika kalibu na kutoka ikiwa na umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali, ikilipia mahari na kusafiri mbali katika biashara. Nayataja haya kwa sababu mara nyingi nasikia, hata katika mikutano ya wasomi, kwamba uchomaji wa makala ni tabia mbaya iliyoletwa na umaskini wa juzi. Kila msalaba wa Katanga uliteketeza mti. Tofauti ni idadi ya walaji.

Walaji waliongezeka kwa reli. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelea hadi Bukama mwaka 1918. Mwaka 1931 njia ya Tenke hadi Dilolo iliunganishwa na reli ya Benguela, na shaba ya upande wetu ikapata mlango wa bahari kule Lobito. Garimoshi lilikula kuni. Upande wa Angola wenye reli walilazimika kupanda mikalitusi mistari kwa mistari kando ya njia ili kulilisha. Tanuri za matofali nazo zilikula kuni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtaalamu wa misitu Gaston Delevoy alichapisha kitabu kikubwa alichokiita La question forestière au Katanga, swali la misitu ya Katanga. Jina hilo hunichekesha. Watu walikuwa wameishi na msitu huu bila kuufanya swali. Ukawa swali pale kampuni na reli zilipoanza kuuhitaji kwa tani.

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937, na ilipigwa rula. Upande mmoja ville, nyumba za Wazungu zenye bustani mbele na nyuma. Upande mwingine Manika, mji wa Waafrika. Na kandokando ya migodi, kambi za wafanyakazi. Union Minière ilikuwa imeamua tangu mwisho wa miaka ya 1920 kuacha kuokota vibarua wa miezi michache na kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Iliwapa nyumba, posho, shule, zahanati, na wakaguzi wa kuingia mpaka jikoni. Hakukuhitajika sheria ya kivuli. Ilitosha kugawa viwanja. Kiwanja cha mhandisi kilikuwa na nafasi ya mizizi na cha kambini hakikuwa nayo, ukuta wa jirani ukiwa hatua chache tu. Barabara za ville zilipewa mijakaranda kutoka Amerika Kusini na mikrismasi kutoka Madagaska, yenye mwavuli mpana na maua mekundu. Mistari ile ile bado ipo, imezeeka, mingine ina mapengo kama kinywa cha mzee, na ndiyo yenye maduara makubwa katika ramani yangu.

Mpita njia mwezi wa kumi, kabla ya mvua, hahitaji ramani. Tuko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita tunalala na mablanketi mawili. Lakini mwezi wa kumi jua halina masihara. Ukitembea kutoka Manika kwenda ville saa nane mchana, kuna mahali ambapo ngozi inakuambia umevuka. Mti hufanya kazi mbili hapo: unalizuia jua lisifike kwenye lami, na unanyonya maji chini na kuyatoa kwa majani kama mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Bati la nyumba ya kambini halifanyi lolote kati ya hayo. Linapokea jua mchana kutwa na kulimimina chumbani. Mama alikuwa akiweka kitanda cha mdogo wangu barazani siku za joto, na hakuna aliyemwambia kuwa hiyo ni sayansi ya hali ya hewa ya mji.

Vita vya Mei 1978, vilivyoufanya mji huu utajwe Paris na Brussels, navipita. Wengi wameviandika na vipenyo vyangu havisemi lolote juu yavyo.

Vinachosema vipenyo ni habari za miembe. Vile vidoti vilivyotawanyika ovyo, alivyoviita baba kwetu, nilianza kwa kuvidharau. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kupima miti ya barabarani, bustani za umma na viwanja vya taasisi, kama wanavyofanya watafiti wengi, kwa sababu huko hakuna wa kukufukuza. Ilinichukua msimu mzima kutambua kwamba kwa njia hiyo ningeipima Kolwezi ya wakubwa na kuiita Kolwezi. Miti ya watu wa kawaida iko nyuma ya nyumba, karibu na mahali pa kuoshea vyombo, kwa sababu huko ndiko maji machafu yalikomwagwa na kokwa likachipua. Miembe, miparachichi, mipera, hapa na pale mpapai ambao hesabu zetu hazijui la kuufanyia. Wapandaji wengi walikuwa akina mama. Hawakupanda kivuli; walipanda chakula cha watoto cha mwezi wa kumi na mbili, na kivuli kikaja bure.

Miti hii yote ni migeni, kama sisi. Mwembe asili yake Asia, mparachichi asili yake Amerika ya Kati. Wafanyakazi nao waliletwa kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka vijiji vya Balunda na Baluba wa Katanga, wakashushwa kituoni na kupewa namba. Nikiwauliza watu nani aliyepanda mti fulani, jibu mara nyingi lilikuwa mtu ambaye hayupo tena. Yule mama wa Manika alinijibu siku ya pili nilipokwenda, akiwa amekubali kunipa kiti: "Muti hii haiko yangu. Niko nailinda tu." Ulipandwa na jirani yake Mkasai aliyefanya kazi relini. Mwaka 1993 watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, jirani huyo aliondoka na familia yake, godoro kichwani, kwenda kusubiri treni pamoja na maelfu ya wengine. Nyumba ilipata mwenyewe mpya, kisha mwingine. Ukuta wa kati ukasogezwa, na mwembe ukajikuta upande wa mama. Mimi nilikuwa na umri wa miaka mitano mwaka ule. Kuna rafiki yangu wa kucheza naye ambaye asubuhi moja hakuja, na sikumbuki hata jina lake.

Nilirudi nyumbani na daftari langu la safu kumi na mbili, aina, kipenyo, urefu, afya ya shina na mengineyo, nikachora safu ya kumi na tatu kwa penseli: mpandaji. Haiingii katika hesabu yoyote.

Miaka hiyo hiyo ya kufukuzwa kwa Wakasai, kampuni ilikuwa inazama. Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu ilipotaifishwa mwaka 1967, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji wote ulikuwa karibu tani 30,000. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ulioitwa wa hiari. Baba alikuwa mmoja wao. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa amekwisha kuwaita wafanyakazi wa kampuni, katika kitabu chake, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na nimeona wazee wakikisoma kitabu hicho kama barua iliyoandikwa kwao.

Baba akiondoka, mtu huenda porini. Wengine walikwenda kuchimba, wengine kulima, wengine kuchoma makala. Hapa kuna jambo ambalo mgeni haliamini. Kolwezi imezungukwa na umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba yalijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi. Waya wa umeme kutoka mabwawa ya Inga, urefu wa kilomita 1,700 hivi, uliokamilika mwaka 1982, umevuka nchi nzima na kuishia hapa hapa, tena kwa ajili ya migodi. Chini ya waya huo, mama zetu wanapika bukari, yaani ugali, kwa makala. Umeme ukija, unakuja usiku wa manane kama mwizi.

Nimekaa na wachoma makala nje ya mji siku nne mfululizo, na naomba yeyote anayewalaani akae nao moja tu. Wanakata miti, wanaipanga magogo makubwa chini na madogo juu, wanafunika kwa majani mabichi, kisha kwa mabonge ya udongo, wanawasha upande wa upepo na kuziba. Halafu wanalinda. Tanuri likitoboka usiku, moto unapata hewa na kazi ya wiki mbili inakuwa majivu, kwa hiyo hulala kwa zamu, udongo mkononi, wakisoma moshi: mweupe na mzito, maji bado yanatoka; wa buluu na mwepesi, makala yameiva. Tanuri kama hilo hutoa kilo 10 hadi 20 za makala kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Maana yake gunia la kilo 50 linaloingia mjini juu ya baiskeli limekwisha kula kilo 250 mpaka 500 za mti. Kila mwaka baiskeli zinatoka mbali zaidi. Mzee mmoja alinionyesha kichuguu kikubwa karibu na mji ambapo, alisema, alikata mutondo wake wa kwanza. Leo toka pale huoni mti mrefu mpaka macho yachoke.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi kuhusu udaktari wangu. Naweza kuandika kwamba mitaa ya ville ina kaboni nyingi kuliko mingine, na itakuwa kweli. Lakini msitu wa Kolwezi, ule uliobeba mji mgongoni, haumo katika mji. Ulipita ndani ya mbavu za baiskeli ukaisha jikoni.

Halafu kobalti ikapanda bei. Mwaka 2014 katika mtaa wa Kasulo yaligunduliwa madini chini ya nyumba, na baada ya muda mfupi watu walikuwa wakichimba vyumbani, barazani, chini ya mizizi. Mwembe uliochimbwa chini haufi siku hiyo. Unaanza kuinama, majani yanapukutika nje ya msimu, na mvua kubwa ya kwanza inaumaliza. Mwaka 2017 familia mia kadhaa zilihamishwa na eneo likazungushiwa ukuta. Mwaka 2015 Kolwezi ilikuwa imekwisha kuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba. Wageni wakamiminika, hoteli zikaota, barabara zikapanuliwa, na mijakaranda kadhaa ya mistari ya zamani ikaondoka ili magari yapite mawili mawili. Nilipima visiki vitatu. Kisiki hupimwa pia, ingawa kifua hakina.

Utaratibu wa utafiti unataka kila mti uliopimwa uwe na namba yake: kibati kidogo cha alumini, msumari mmoja, mita 1.30 juu. Mama wa Manika alikishika kibati, akakigeuza, akanirudishia. Mtaani kwao, alisema, namba ikiwekwa juu ya kitu, wiki ijayo inakuja rangi nyekundu, na baada ya rangi nyekundu linakuja katapila. Tulibishana kidogo. Mwishowe aliingia ndani, akatoka na kitenge kikuukuu, akachana ukingo wake na kuufunga kwenye shina mahali pale pale ambapo utepe wangu ulipita. Kisha akanitajia jina la yule jirani wa relini, herufi kwa herufi, akisimama nyuma yangu kuhakikisha naliandika sawasawa.

Baada ya wiki tatu nilirudi kusoma kipimajoto nilichokitundika uani kwake. Katika barabara yao nilihesabu miembe sita iliyofungwa vitenge, na mpera mmoja mwembamba kama kifundo cha mkono. Nilimuuliza kijana aliyekaa juu ya ukuta.

"Mama alisema yenye iko na kitambaa habataikata."

Mpera ule haukufika kipenyo cha sentimita 10, na chini ya hapo hatuhesabu. Nilifungua daftari nikauliza nani aliyeupanda.